Siku moja kwenye chumba cha kompresa ya kujazia mitungi ya kuzamia, Nungwi, Zanzibar

Saa 12 asubuhi. Boti ya kisiwa cha Mnemba inaondoka saa 2 na nusu, kila mzamiaji na mitungi miwili ya hewa. Kwanza tunasoma mihuri ya shingoni. Mtungi wa alumini wa lita 11.1, uliozoeleka huku, mwisho wake ni bari 207 (bari ni kipimo cha presha). Wa chuma wa lita 12 mara nyingi ni 232. Uliopitisha miaka 5 bila kupimwa kwa presha ya maji unawekwa kando, hata boti ikichelewa. Mitungi ya zamani ya aloi ya alumini iitwayo 6351, ya miaka ya 1970 na 1980, hatuijazi kabisa, kwani huota nyufa shingoni.

Saa 1. Kujaza, kasi isizidi bari 30 kwa dakika. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na geji hudanganya: mtungi ulioonyesha 207 ukiwa na nyuzi 50, ukipoa hadi 28 unasoma kama 193. Mzamiaji ananung'unika, na mjazaji mwenye haraka anapitisha hadi 225 "utapoa tu". Dawa ni kuuacha upoe, kisha kuongezea zile bari 14. Muda huo hauna mkato.

Saa 4. Vali ya usalama ya kompresa. Ikiwa imewekwa bari 300, haiulindi mtungi wa 207 hata kidogo. Kinachoulinda ni jicho na mkono wa mjazaji.

Saa 7. Boti inarudi, jua kali. Mtungi wa 207 ukiachwa juani hadi nyuzi 60 unapanda hadi 229. Uliojazwa 230 unafika kama 254. Hautapasuka leo, maana kiwandani ulipimwa kwa 345, na hilo ndilo linalowapumbaza watu. Alumini huchoka kila inapojazwa, na presha ya ziada huharakisha nyufa. Chuma hutanuka: upimaji wa maji ukionyesha mtanuko uliobaki umezidi asilimia 10 ya mtanuko wote, mtungi unakataliwa. Vali ya mtungi ina kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi; anayeweka viwili ili visipasuke ameondoa kinga ya mwisho.

Saa 10. Kiongozi wa wazamiaji anaomba: "Kaka, nipigie 230, mgeni wangu anavuta hewa sana." Jibu ni mtungi wa lita 15. Hewa zaidi, presha ileile.

Saa 12 jioni. Tunatoa maji ya vichujio, tunapanga mitungi ya kesho kivulini: ya 207 upande wake, ya 232 upande wake. Haiunganishwi kwenye bomba moja.