Kiti cha Mkuu wa Idara

Asubuhi moja hapa Kampala, karani alibandika ubaoni waraka wa uteuzi, na sisi tuliokuwa tukinywa chai tuliusoma kimyakimya: mkuu mpya wa idara yetu ya usalama ametoka nje ya idara, hajawahi kukesha nasi zamu hata moja. Mzee aliyekaimu nafasi hiyo miaka mitatu bila kuthibitishwa alifunika kikombe chake kwa kisahani, akarudi mezani kwake.

Sibishi kwamba Katiba ya Uganda ya 1995 inampa Rais mamlaka ya kuteua viongozi wa juu, wala sisemi kila mgeni hafai. Kinachouma ni vyeo vya kati, ambavyo afisa angevifikia kwa usaili na rekodi ya kazi, lakini kwetu vilijazwa kwa simu, ilhali wenzetu wa wizarani wana Tume ya Utumishi wa Umma inayosimamia ajira na upandishaji vyeo. Sisi tuliokula kiapo cha siri tungelalamika wapi? (Hata haya nayaandika baada ya kustaafu.) Kijana niliyemfundisha kuandika ripoti aliniuliza, "Afande, shahada ya pili niisomee nini sasa?" Nilimwambia amalize chai yake.