Igizo Linalokatizwa: Alasiri Moja Ng'ambo ya Likoni

Feri ya Likoni, Mombasa, haimtozi mtembea kwa miguu, kwa hiyo kikundi cha maigizo kinaweza kuvuka na ngoma zake bila gharama. Tulibeba chapuo mbili, vumi, leso na mtungi mtupu wa gesi. Kipaza sauti kiliachwa makusudi: anayekishika huwa msemaji, wengine wote wakabaki kusikiliza.

Kibali cha chifu kilikwishatafutwa, na mzee wa mtaa alikuwa na habari. Hili si la kupuuza. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977 serikali ilifuta kibali cha igizo la wanakijiji, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa.

Uwanja ulikuwa chini ya mwembe. Waigizaji walisimama upepo wa bahari ukiwapiga mgongoni, uwachukulie sauti hadi kwa watu. Watoto walikalishwa mkekani mbele; wakiachwa wasimame, wazee hawaoni, na asiyeona huenda zake. Baada ya swala ya alasiri ngoma ikalia. Kabla ya magharibi kila kitu lazima kiwe kimekwisha, yaani zaidi kidogo ya saa mbili.

Igizo lenyewe lilichukua dakika 20 tu. Kijana anayetumia unga, yaani heroini, ameuza mtungi wa gesi wa mamake. Baba anamfukuza, mama amekwama kati yao. Baba alipofungua mlango, mwezeshaji, yaani anayeongoza mchezo, akapiga makofi, mchezo ukasimama. Akainua leso ya mama, akawauliza watazamaji: nani ataivaa aigize nafasi yake?

Augusto Boal wa Brazili ndiye aliyeieneza njia hii ya mtazamaji kuingia mchezoni. Pwani, penye ngoma na mashairi ya kujibizana, watu hawahitaji kufundishwa sana.

Makundi mengi huharibikiwa papa hapa. Aliyevaa leso akiwa mtu mzima, mwigizaji wa baba humwonea haya, akakubali kila neno, na tatizo likayeyuka bila kutatuliwa. Mama wa kwanza kuivaa alitaka kijana aanzishwe methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, lakini baba wa siku ile alishikilia. "Mama, methadoni hunywewa kliniki, kila siku, mbele ya mhudumu. Nauli utaitoa wapi?"

Nilipenda sana swali hilo, kwa sababu halikuwa na jibu rahisi. Mama wa pili akaivaa leso, akaenda kuomba nauli kwa wenzake wa chama cha akiba. Kijana wa bodaboda akaingia bila kuitwa: yeye hupita njia hiyo alfajiri, atampakia. Baba akamuuliza, siku ya mvua je? Wakabishana kwa nusu saa nzuri.

Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa ameketi miongoni mwao tangu mwanzo. Asipokuwepo, watu huulizana dozi na madhara, uvumi ukashika nafasi ya jibu. Alieleza kwa ufupi, kisha wazazi wawili wakamfuata pembeni.

Kikundi kitarudi chini ya mwembe uleule baada ya wiki mbili, na igizo litaanzia hapo mlangoni, kijana akiwa tayari amekosa dozi ya siku moja.