Kijito cha hatua moja
Jumamosi nilifika Mödlareuth, kijiji cha watu kama 50 tu huku Ujerumani. Katikati kinapita kijito cha Tannbach, chembamba mno, nilikivuka kwa hatua moja. Kumbe ndicho mpaka tangu 1810: leo huku ni jimbo la Bavaria, kule jimbo la Thuringia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia upande wa kule ukawa Ujerumani Mashariki, na mwaka 1966 ukajengwa ukuta wa zege wa mita 700. Wa mashariki hata kumpungia jirani mkono ilikuwa marufuku, jamani! Wamarekani wakakiita Berlin Ndogo, maana Berlin nayo iligawanywa kwa ukuta. Njia ikafunguliwa Desemba 9, 1989. Kipande cha ukuta bado kipo, nimekigusa. Na mpaka leo, kijiji kimoja, mameya wawili.