Jini la Kwame

Nilikuwa na miaka kumi, na Kiingereza changu kilikuwa cha salamu za darasani tu. Hilo halikunizuia kuwa mkalimani wa mtaa mzima.

Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Sisi wa bara tulikaa na redio hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Hata hapo, mtaani kwetu Magomeni seti ilikuwa moja, ya bibi wa nyumba ya tatu, aliyeletewa na mwanawe baharia. Antena ilifungwa kwenye mwanzi. Picha ikiingia chenga, mmoja wetu alitoka kuuzungusha huku sisi tukimpigia kelele dirishani: "Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Ndala zilirundikana mlangoni, na kila jioni kulikuwa na mtoto aliyerudi kwao na ndala mbili za mguu wa kushoto.

Katuni tuliyoigombea ni Captain Planet, ya Wamarekani, iliyoanza kuonyeshwa kwao 1990. Vijana watano, kila mmoja na pete yake: ardhi, moto, upepo, maji na moyo. Wakiziunganisha nguvu zao, linatokea jitu la buluu lenye nywele za kijani kupambana na wachafuzi wa mazingira. Haya nayajua leo. Wakati ule niliona pete, mwanga, kisha jitu linachomoka. Mtoto wa Kiswahili ukimwonyesha hivyo, atakuambia nini zaidi ya jini?

Basi nikatafsiri. Yule kijana Mwafrika, Kwame, nikamfanya mtu wa Songea, kwa kuwa nilikuwa na mjomba huko. Yule tajiri mwenye pua ya nguruwe nikamwita mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita. Na lile la buluu, jini la Kwame, karithishwa na babu yake. Watoto waliniachia nafasi ya mbele, kwenye jamvi, na wakubwa waliokuwa wakipita walisimama mlangoni kusikiliza.

Jioni moja bibi alitoka uani, mikono ina unga, akakuta natangaza kwa sauti: "Sasa Kwame anampandisha jini wake!" Akasimama. Akaitazama pete, akalitazama jitu. Akaenda hadi ukutani, akachomoa waya.

"Nyumba hii imesomewa hitima juzi. Hampandishi mtu majini humu."

Tulitolewa wote, wengine bila ndala. Siku tatu seti ilifunikwa kitambaa, na mtaani nikawa adui. Siku ya nne mjukuu wa bibi, aliyekuwa sekondari, akarudi kutoka bweni. Alimkalisha bibi, akamweleza taratibu: si jini, ni mlinzi wa misitu na bahari, na pete ya tano ni ya moyo, ya huruma. Bibi akauliza, "Na huyo wa Songea?" Mjukuu hakuelewa. Watoto wote wakanigeukia.

Waya ukarudi ukutani. Jamvini mbele akakaa mwingine.

Januari 2014 TBC1 walianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam: hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na nyimbo ambazo zinakukaa kichwani wiki nzima. Kulikuwa na maswali pia, mtazamaji alijibu kwa ujumbe wa simu, hata ya kitochi. Asubuhi moja nilikaa na mtoto wa dada yangu, miaka sita, mbele ya runinga. Mhusika akauliza swali, nami kwa mazoea nikainama nimweleze maana yake.

"Mamdogo, nyamaza bwana," akasema bila kunitazama. "Tunasikia." Kisha akanyoosha mkono. "Nipe simu."