Kumpaka uso askari wa Keya bila kumwacha amepauka

Maelekezo mengi ya kupaka nyuso za visanamu vya wanajeshi yameandikwa kwa ajili ya uso wa Mzungu. Anza na rangi ya ngozi hafifu, weka kahawia nyekundu penye kivuli, ongeza nyeupe kidogo kidogo penye mwanga, kazi imekwisha. Kwa Mjerumani au Mwingereza yanafaa, sina ugomvi nayo. Mimi nilimtaka askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika wa Afrika Mashariki, Keya kama wazee walivyoiita, na kwa uso wake maelekezo hayo ama yananyamaza ama yanakupa mstari mmoja: tumia kahawia badala ya rangi ya ngozi, kisha endelea vilevile.

Niliyemchagua ni wa vita vya Burma, mwaka 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kuteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni, mpaka ikafika kwenye mto Chindwin mwishoni mwa mwaka ule. Ndani yake mlikuwa na vikosi vya Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nayataja haya kwa sababu yanagusa rangi moja kwa moja. Kwanza, watu wa nchi zote hizo huwezi kuwachota kutoka chupa moja iliyoandikwa "ngozi nyeusi". Pili, mtu anayetembea siku nzima kwenye joto na mvua namna ile uso wake unang'aa, na mng'ao ule ndio ulionishughulisha kuliko kitu kingine chochote.

Kisanamu chenyewe ni cha rezini, skeli ya 1/16, yaani urefu wa sentimita 11 hivi, na kichwa chake kama milimita 14. Wengi huanzia 1/35 kwa sababu ndiyo iliyojaa sokoni, lakini pale kichwa ni milimita sita na nusu na jicho halifiki milimita moja. Unachopaka ni dokezo la uso tu. Kwenye 1/16 una nafasi ya kufikiri. Tatizo ni kwamba mchongaji alikuwa amemkusudia Mwaustralia. Kofia pana ilifaa, maana askari wetu nao walivaa kofia pana kule Burma. Uso haukufaa. Si kwamba Waafrika sote tuna pua moja, tembea Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, jioni uone, lakini pua ile ilikuwa ya Sydney kabisa. Nikachukua epoksi ya sehemu mbili, ile ile mafundi wa boti wanayozibia nyufa, nikaongeza nyama kidogo kwenye mabawa ya pua na kwenye midomo kwa ncha ya sindano iliyolowa maji. Ilipokauka, msasa laini, kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine.

Kazi yote hii naifanyia karakanani kwa Ami, anayechonga vijahazi vya kuuzia watalii. Nyumbani Mama hataki sanamu yenye uso, na hilo sishindani naye. Rangi za visanamu Lamu hazipo. Huagizwa Nairobi, zikafika Mokowe kwa basi, zikavuka na boti pamoja na vitunguu na magodoro. Rangi za mafuta za tyubu, zile wanazotumia wachoraji wa picha, nilizipata Mombasa kwenye duka la vifaa vya shule.

Joto letu nalo lina mambo yake. Akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, inaganda kwenye brashi kabla haijagusa kisanamu, hasa mchana wakati wa kaskazi. Dawa yake ni sifongo iliyolowa ndani ya kopo bapa lenye mfuniko, juu yake karatasi ya kuokea mikate, na rangi unaichanganyia juu ya karatasi hiyo. Inakaa mbichi hata siku nzima. La pili ni brashi. Watu hukimbilia ile nyembamba kuliko zote, namba 000, wakidhani jicho dogo linataka brashi ndogo. Brashi ile inabeba tone lisilofika safari. Namba 1 yenye ncha kali inachukua rangi ya kutosha na ncha yake ni nyembamba vilevile. Ukinunua, ilowe maji, itikise mara moja, utazame kama nywele zinajikusanya zenyewe kuwa ncha. Zikigawanyika, irudishe.

Kichwa cha kwanza nilikipaka kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, nione yanafika wapi. Msingi wa kahawia, kahawia na nyeupe kwenye paji la uso, nyeupe zaidi kwenye ncha ya pua, vanishi ya kufifisha, ile inayoondoa mng'ao, juu ya yote. Ami akakichukua kwa kijiti chake, akakisogeza mbali na macho yake maana miwani alikuwa ameiacha kwenye jahazi, akauliza, "Huyu yeo hakupata mafuta? Mbona kapauka hivi?"

Hapo alikuwa amemaliza somo zima. Nyeupe ikiingia kwenye kahawia haileti mwanga; inaipoza rangi na kuitia vumbi, na vanishi ya kufifisha inazidisha. Ukimtazama mtu mweusi juani, sehemu kubwa ya mwanga unaouona haitoki ndani ya ngozi. Unakaa juu yake, mdogo na mkali, kama juu ya kitu kilichopakwa mafuta, na chini ya mwanga huo rangi ya ngozi inazidi kuwa ya moto, nyekundu au ya machungwa, wala haizidi kuwa nyeupe.

Nikaacha kusoma nikaanza kutazama. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linashuka kutoka juu moja kwa moja, sawasawa na mwanga ambao wapakaji wa visanamu huuwazia. Mkunguni kuna wazee na bao lao, gatini kuna wapakuaji wa mizigo, na hakuna anayekuona wa ajabu ukikaa. Sharti usimkodolee mtu macho, utaulizwa kama unamdai.

Niliyoyaona mengi sikuyategemea. Baharia mmoja alitoka majini akasimama kwenye ngazi za gati kufunga kamba, na alama ya mwanga kwenye paji lake ilikuwa ya buluu. Ilikuwa mbingu yenyewe, imejiakisi juu ya maji na jasho. Chini ya taya, mahali ambapo vitabu vinasema pawe na giza, palikuwa na wekundu mwembamba uliopanda kutoka kwenye mawe yaliyopigwa na jua. Masikio yakipata mwanga kwa nyuma yana ukingo mwekundu hata kwa mtu mweusi sana. Mdomo wa juu una giza kuliko wa chini, na wa chini una waridi pale unapokutana na meno, halafu una kimwanga kimoja kidogo katikati. Na weupe wa jicho la mtu aliyekaa baharini miaka mingi si weupe hata kidogo. Ni wa pembe ya ndovu kuukuu, kwenye kona unaelekea kahawia, na una vimishipa.

Kichwa cha pili nilikianza na macho, maana makosa ya macho hufutika kwa urahisi kabla ngozi haijapakwa. Kichwa nilikitoboa shingoni, nikatia pini, nikaichomeka pini kwenye kijiti cha mshikaki na kijiti kwenye kipande cha boya la wavu. Tundu lote la jicho likajazwa kahawia karibu na nyeusi. Juu yake umbo la lozi la rangi ya pembe, dogo kuliko tundu, ili ule weusi ubaki kama ukingo pande zote. Ukingo wa juu uwe mnene zaidi, kwa sababu kope la juu lina kivuli chake na lina nywele. Nywele zenyewe usijaribu kuzipaka.

Mboni huwa ndiyo kesi. Ukiweka kitone cha duara katikati ya weupe, askari anakuwa mtu aliyeshtuliwa na fataki. Jicho lililotulia halionyeshi duara zima; kope la juu linaifunika mboni kwa juu na la chini linaigusa. Kwa hiyo usipake kitone, piga mstari mnene wa wima kutoka kope hadi kope. Na usimfanye atazame mbele. Akitazama pembeni kidogo, macho mawili yasipolingana kwa unywele mmoja hakuna atakayejua. Akitazama mbele kila mtu atajua.

Mkono usiotetemeka nilijifunza kwa dada yangu, ambaye maharusi wa mtaani kwetu humwita kwa piko na hina. Nilimwomba nikae nitazame anavyofanya kwa binti wa jirani, nikakubaliwa kwa masharti ya kukaa kimya na kubeba chai. Kidole chake kidogo hakiondoki kwenye ngozi ya bibi harusi. Kinatangulia, kinatua, kinakaa, ndipo mstari unafuata. Vidole havichori, kinachokwenda ni kiganja kizima, na mstari mrefu huanza na pumzi inayotoka. Karakanani nikafanya vivyo hivyo: viwiko vyote viwili mezani, viganja vimegusana, kidole kidogo cha mkono wa brashi kimeegemea kijiti cha mshikaki. Jicho langu moja lilikuwa na lenzi ya fundi saa. Dada alipokuja kuona, alisema mstari wa kope la juu nimeukatiza mapema, wanja huvutwa ukapita kona ya jicho kidogo. Nilidhani anatania. Nikauvuta nusu milimita, na jicho likakaa mahali pake usoni.

Ngozi niliipaka kwa mafuta juu ya msingi wa akriliki. Msingi ni kahawia iliyokoza yenye wekundu ndani, ukauke usiku kucha. Rangi za tyubu zilikuwa amba iliyochomwa, ambayo ni kahawia ya giza, siena iliyochomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu, njano ya udongo, nyekundu ya alizarini na buluu ya Prusia. Kila moja niliikamua juu ya kipande cha katoni na kuiacha, katoni inyonye mafuta yaliyozidi. Usipofanya hivyo rangi itang'aa ovyo na haitakauka wiki nzima. Vivuli ni amba na buluu ya Prusia na chembe ya alizarini. Nyeusi ya tyubu sikuigusa, uso unakuwa na mashimo. Chini ya nyusi, pembeni mwa pua, chini ya mdomo wa chini, chini ya mfupa wa shavu, na kwa huyu mwenye kofia pana, ukanda mzima wa paji. Katikati amba na siena. Penye mwanga siena na njano ya udongo, basi, hakuna nyeupe.

Rangi zikishakaa kila moja mahali pake unachukua brashi laini kavu kabisa na kugongagonga mpaka ukingo upotee. Unagonga, unafuta kwenye kitambaa, unagonga. Ukipiga kwa kuvuta, unakomba kila kitu mpaka kwenye msingi. Kisha kichwa kinaingia kwenye sanduku la katoni lenye balbu ndogo, kwa sababu unyevu wa hapa hauruhusu mafuta kukauka kwa hiari yake, na pia mavumbi ya msasa ya Ami hayana adabu.

Nyeupe iliingia mwisho tu. Nilichanganya kiasi cha kichwa cha pini pamoja na buluu ya Prusia na amba mpaka ikawa kijivu cha mbingu, nikaigusisha ncha ya pua, mifupa ya mashavu, katikati ya mdomo wa chini, na ukingo wa paji pale kofia inapoishia. Kila mguso ni mdogo, na kingo zake sikuzilainisha sana. Nguo na kofia zikapata vanishi ya kufifisha. Uso ukapata ya mng'ao wa nusu, na pembeni mwa pua na juu ya mdomo nikaongeza kitone cha mng'ao kamili, jasho.

Kando yake nilimweka ofisa Mwingereza wa seti nyingine, wa skeli hiyo hiyo. Huyo alikuwa kazi ya jioni chache: maelekezo ya kawaida, wekundu zaidi puani na masikioni kwa ajili ya jua, kijivu chenye buluu kwenye taya kwa ndevu za siku mbili. Ami alimtazama akasema huyu naye ameungua, nikamwambia ndivyo walivyokuwa.

Anayefuata ni askari wa upande wa Wajerumani wa vita vya 1914 hadi 1918, mwenye tarbushi ya kaki. Tarbushi haina ukingo wa mbele, kwa hiyo ule ukanda wa kivuli kwenye paji haupo, na mwanga wa saa sita utamshukia usoni wote. Nimeshaanza kumtazama muuza kahawa wa jioni, huvaa kofia yake nyuma kabisa.