Nilivyoacha kupimia dawa kwa kizibo

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia dukani asubuhi, akanisalimu "kamwene", kisha akatoa kwenye koti kichupa cha maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na kitu chenye rangi ya chai ya rangi, kama robo hivi.

"Mwanangu, hii nilinunua kwako kabla ya Pasaka. Ni ya wadudu au ya magugu?"

Nikaitikisa. Nikaifungua, nikainusa, jambo ambalo leo mtu akilifanya mbele yangu nitamgombeza. Sikujua. Mimi niliyemuuzia sikujua! Na mzee alikuwa na nyanya robo eka zimeanza kutoa maua. Kama mle ndani ni ya magugu, baada ya siku chache angekuwa anatazama mabua makavu. Nilimpa kichupa kipya kilichofungwa, hasara ikawa yangu. Ile ya kwake nikaandika SUMU kwa kalamu nene, nikaifungia kabatini. Ningali nayo, maana kitu cha namna ile huwezi kukimwaga shimoni, mtoni wala chooni.

Hapa ni Ilula, wilaya ya Kilolo, ambako ukipita barabara kuu ya Iringa unakuta matenga ya nyanya yamepangwa kando ya lami. Tangu kantangaze, mdudu wa nyanya, aingie nchini, mkulima wa nyanya na dawa hawaachani. Yule funza anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, hivyo mtu anapuliza leo, anapuliza tena wiki hii hii. Duka langu wakati huo lilikuwa na unga na sukari mbele, rafu ya dawa nyuma, na nilipima dawa kwa kizibo kama nilivyopima mafuta ya kula. Mtu ana buku mbili mkononi, utamwambia anunue lita nzima?

Baada ya siku ile nilimfuata bwana shamba. Nilidhani leseni ya biashara ya halmashauri inanitosha. Akacheka. Leseni ile ni ya kuuza tu, lakini viuatilifu, yaani hizi dawa za wadudu na magugu, vina sheria yake, Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na mwenye kuisimamia ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyochukua kazi za TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, Arusha. Dawa yenyewe lazima iwe imesajiliwa, na muuzaji naye asajiliwe, baada ya kupata mafunzo. Na kile kizibo changu? Dawa haitoki kwenye chombo chake cha asili chenye lebo. Ukishaihamisha umeitenga na jina lake, kipimo chake na maelezo ya huduma ya kwanza.

Nikaenda mafunzo. Kurekebisha chumba hakukunisumbua sana: dawa zina mlango wake, mbali na unga, sakafu ya saruji, madirisha mawili, ndoo ya mchanga wa kufunika kinachomwagika. Za unga zinakaa rafu za juu na za maji chini, ili chupa ikivuja isidondokee pakiti. Vitu vya fundi hivyo, hela ikipatikana vinakwisha.

Watu ndio kazi. Kuna kijana alikuwa haachi kuniomba "ile ya mstari mwekundu, ndiyo kali". Nikalazimika kumweleza kwamba ile rangi chini ya lebo inamhusu yeye, haimhusu mdudu. Nyekundu ndiyo hatari zaidi kwa mtu, kisha njano, buluu, halafu kijani. Na hata kijani si maji ya kunywa, kwa sababu rangi inapima sumu inayokupata papo hapo, haisemi lolote kuhusu miaka kumi ya kupuliza bila glavu. Hakuridhika. Alinunua ya njano huku ananung'unika.

Jingine ni siku za kusubiri. Lebo inasema usivune mpaka siku kadhaa zipite, na nyanya zikishaanza kuiva zinachumwa kila baada ya siku chache. Siku hizi kabla sijashika chupa nauliza, "Unachuma lini?" Mtu akiniambia Fuso linakuja Alhamisi na leo ni Jumanne, namtafutia yenye siku chache, na kama sina, simuuzii. Nimeshapoteza wateja kwa hilo, nao wanavuka barabara kwenda kununua kwingine. Sheria haijanifidia.

Lakini mwenye buku mbili bado anakuja, na hapo ndipo naona walioandika kanuni walimfikiria mkulima mwenye hela ya chupa nzima. Nilianza kuagiza vichupa vya mililita 100 kwa wingi, ingawa faida yake ni ndogo. Bado havikufika kwa kila mtu. Ndipo nilipomwambia yule mzee wa kichupa atafute majirani wawili. Dawa yao lebo inataka mililita 20 kwa bomba la kupulizia la lita 20, kwa hiyo kichupa kimoja ni mabomba matano: mzee mawili, mama wa jirani mawili, kijana moja. Wananunua pamoja, wanapuliza siku moja, hakibaki cha kuhamishia kwenye chupa ya maji. Kichupa kinasuuzwa mara tatu, maji yake yanaingia kwenye bomba la mwisho, kisha kinatobolewa.

Ugomvi uliobaki ni wa zamu. Kwenye saa nne upepo unaanza kuvuma kutoka milimani, na kila mmoja anataka awe wa kwanza, alfajiri. Juzi walikuja wote watatu dukani niwaamulie.