Chati ya mvuke: tazama mteremko kabla ya namba

Watu huniuliza kwa nini bado natembea na chati ya mvuke ya karatasi wakati simu inatoa majibu yale yale hadi desimali ya nne. Huwa nawarudishia swali: hiyo simu imekuonyesha mvuke unaelekea wapi? Namba moja moja haina uelekeo. Chati inao, na mimi naipendea hilo.

Ninayoizungumzia ni chati ya Mollier. Enthalpia, yaani nishati ambayo kila kilo ya mvuke imebeba, inapanda kwa wima; entropia, kipimo cha jinsi nishati hiyo ilivyotawanyika, inakwenda kwa mlalo. Richard Mollier, aliyekuwa profesa Dresden, Ujerumani, aliitoa mwaka 1904, na mwaka 1923 mkutano wa wataalamu uliofanyika Los Angeles ukakubaliana kwamba chati zenye enthalpia kwenye mhimili mmojawapo ziitwe kwa jina lake. Historia inatosha.

Ukiitandaza mezani, kwanza tafuta mstari mnene unaokatiza katikati. Huo ni mpaka wa mvuke mkavu, mahali tone la mwisho la maji linapoisha. Juu yake ni mvuke wenye joto la ziada. Chini yake ni mvuke mbichi, mchanganyiko wa mvuke na matone, na humo utaona mistari ya ukavu, yaani sehemu ya uzito ambayo ni mvuke na si matone, imeandikwa 0.95, 0.90, 0.85 na kuendelea. Mistari ya presha inapita pande zote mbili, ikipanda kuelekea kulia. Mistari ya halijoto inaonekana juu ya mpaka tu, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Kijana mmoja tunayemfundisha kazi alinijia na geji mbili kichwani.

"Mkuu, mvuke uko bar 10 na nyuzi 180. Nisome wapi?"

"Mdogo wangu, umeniambia jambo moja mara mbili."

Maji yaliyo kwenye bar 10 huchemka kwenye nyuzi 180, na yataendelea kuwa nyuzi 180 kuanzia povu la kwanza hadi tone la mwisho. Chini ya mpaka, kila mstari wa presha ndio huo huo mstari wa halijoto. Kupata nukta kwenye chati unahitaji vitu viwili visivyotegemeana, na ndani ya mvuke mbichi presha na halijoto ni kitu kimoja chenye majina mawili. Mvuke wake ungeweza kuwa mkavu kabisa, enthalpia 2778 kilojuli kwa kilo, au ukawa na ukavu wa 0.80 na enthalpia 2375. Geji zingesoma vilevile.

Basi unaujuaje ukavu? Njia ya zamani, na bado naiona nzuri kuliko zote, ni kuchukua mvuke kidogo, kuupitisha kwenye tundu dogo hadi presha ishuke karibu na ya hewa, halafu kupima halijoto yake huko nje. Kama chombo kimefunikwa vizuri dhidi ya kupoteza joto, enthalpia haibadiliki katika safari hiyo. Kwa kijana wetu, tuseme upande wa pili unapata bar 1 na nyuzi 110. Kwenye bar 1 maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, kwa hiyo hapo mvuke una joto la ziada na vitu vyako viwili sasa ni viwili kweli. Weka penseli kwenye makutano ya bar 1 na 110: utasoma takriban 2696. Sasa lala na rula moja kwa moja kuelekea kushoto, bila kupanda wala kushuka, hadi uguse mstari wa bar 10. Utatua chini kidogo ya mpaka, kwenye ukavu wa karibu 0.96. Kipimo chote ni mstari mmoja wa mlalo. Sharti lake ni kwamba upande wa pili lazima mvuke utoke na joto la ziada. Ukitoka mbichi, umerudi kwenye swali la mwanzo.

Kabla sijasahau: chati inataka presha kamili, inayohesabiwa kuanzia ombwe tupu. Geji nyingi huanza sifuri kwenye presha ya hewa, kwa hiyo geji ikisoma 9, wewe tafuta mstari wa bar 10. Kwenye presha kubwa tofauti hiyo haikuumizi sana, ila kwenye kondensa, chombo kinachopoza mvuke uwe maji tena kwa presha iliyo chini sana ya ile ya hewa, ni balaa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Tazama mistari ya presha chini ya mpaka. Imenyooka kama imepigwa kwa rula. Ikivuka mpaka inaanza kupinda kwenda juu, lakini taratibu, bila kona. Kwa nini inyooke huku na ipinde kule? Kwa sababu mteremko wa mstari wa presha ndiyo halijoto yenyewe, kwa kelvini, yaani nyuzi ukiongeza 273. Joto unalolitia mvuke kwa presha isiyobadilika lote linaonekana kama ongezeko la enthalpia. Entropia inaongezeka kwa joto hilo kugawanywa kwa halijoto kamili. Gawanya kupanda kwa kwenda kulia, kinachobaki ni halijoto.

Usiniamini, pima. Chukua mstari wa bar 10. Kwenye ukavu wa 0.80 enthalpia ni 2375 na entropia 5.70, kwenye mpaka ni 2778 na 6.59. Umepanda 403, umekwenda kulia 0.89. Gawanya: 453. Toa 273 upate nyuzi 180. Umepima joto la mvuke kwa rula!

Ukishaliona hilo, chati inaacha kuwa kichaka cha mistari. Chini ya mpaka halijoto haibadiliki, basi mstari lazima unyooke. Juu ya mpaka joto linapanda, basi mstari lazima uzidi kusimama. Halijoto hairuki ghafla unapovuka, ndiyo maana hakuna kona. Mistari ya presha ndogo imelala zaidi kwa sababu maji yake huchemka kwa joto dogo: bar 0.1 ina mteremko wa 319, bar 40 ina 523. Sielewi kwa nini jambo hili huachwa nje ya masomo mengi, watu wakakaririshwa "panda hapa, kata kule" kama wanafuata njia ya panya gizani.

Mistari ya halijoto nayo ina lake la kusema. Fuata ule wa nyuzi 400. Kwenye bar 40 enthalpia ni 3214, kwenye bar 5 ni 3272, kwenye bar 1 ni 3278. Kadiri presha inavyopungua ndivyo mstari unavyolala, hadi kulia kabisa unakuwa mlalo mtupu. Huko mvuke umekuwa gesi ya kawaida, na enthalpia yake inasikiliza halijoto peke yake.

Unaposoma katikati ya mistari miwili ya presha, usigawe nusu kwa nusu. Nafasi zake hazilingani. Kati ya bar 10 na 20, katikati ya nafasi hiyo ni karibu bar 14, kwa hiyo 15 iko upande wa 20. Halijoto na ukavu unaweza kuvigawa kwa jicho.

Kazi ambayo chati hii haina mpinzani ni turbini, mashine ambayo mapanga yake huzungushwa na mvuke. Tuseme mvuke unaingia ukiwa bar 40 na nyuzi 400, enthalpia 3214, entropia 6.77, na kondensa iko bar 0.1. Turbini kamilifu haiongezi entropia, basi teremka wima kabisa hadi mstari wa bar 0.1. Unatua kwenye 2144, ukavu 0.82. Tone la wima ni 1070: hizo ndizo kilojuli ambazo kila kilo ya mvuke ingetoa kama dunia ingekuwa na adabu. Turbini ya kweli yenye ufanisi wa asilimia 85 inatoa 909. Hapo pima 909 kutoka juu, kisha telezesha penseli kulia hadi ukutane tena na bar 0.1. Sasa uko kwenye 2305, ukavu 0.88. Hasara yako yote unaiona kwa macho: ni umbali uliosogea kulia. Na kinaya chake ni kwamba hasara hiyo hiyo imekausha mvuke, hivyo mapanga ya mwisho yanapigwa na matone machache kuliko yale ya turbini kamilifu.

Hata hivyo 0.88 iko ukingoni. Wabunifu wengi hawapendi kushuka chini ya hapo, maana matone yakizidi yanakula mapanga. Kwenye chati, dawa yake inajionyesha bila kuambiwa. Ukavu unaongezeka unapokwenda kulia, basi tafuta namna ya kusogea kulia kabla ya kufika chini. Simamisha mteremko kwenye bar 5, ambako mvuke ndiyo kwanza umevuka mpaka, enthalpia kama 2726 kwa turbini kamilifu. Urudishe kwenye boila, upashe hadi nyuzi 400 ukifuata mstari ule ule wa bar 5, nao utakupeleka hadi 3272 na entropia 7.79. Teremka tena wima. Safari hii unatua kwenye ukavu wa 0.95, na kwa turbini ya asilimia 85 unamaliza karibu kabisa na mpaka, mkavu.

Kuna kitu kimoja ambacho hutakipata humo. Chati nyingi zimekatwa pembe ya chini kushoto, yaliko maji, kwa sababu mistari ya presha huko inabanana hadi haisomeki. Ukitaka enthalpia ya maji yanayotoka kwenye kondensa, fungua jedwali: kwa bar 0.1 ni 192. Itoe kwenye 3214 ujue joto ambalo boila ililipa mara ya kwanza, 3022, ukiacha kazi ndogo ya pampu. Ongeza 546 za kupasha mara ya pili, halafu linganisha na kazi ya materemko yote mawili.